Umbo la Pili la Tulini

Asubuhi ile, siku ya kwanza ya kazi baada ya Pasaka, tulini ilikataa kuyeyuka.

Tusekile Mwambeta aliiinamia chupa, akaitazama kama mtu anayemtazama jirani aliyempita njiani bila salamu. Kila kitu katika maabara yake ya Tukuyu kilikuwa kama alivyokiacha kabla ya sikukuu. Chupa ilizungukwa na maji ya uvuguvugu yasiyopanda wala kushuka joto. Kijiti cha sumaku kilikuwa kikikoroga polepole. Chini ulitulia unga mweupe wa ziada wa dawa hiyo, ule unaowekwa makusudi ili kioevu kishibe mpaka kisiweze kubeba zaidi. Lakini alipovuta kioevu kidogo kwa sindano, akakichuja, akakikausha na kupima kilichobaki kwenye kisahani, mizani ilimpa theluthi tu ya namba aliyoizoea.

"Hapana bwana," alisema kwa sauti, ingawa alikuwa peke yake.

Akabadilisha kichujio. Akaosha sindano, akarudia kwa chupa ya pili, kisha ya tatu. Jibu likawa lilelile. Akageukia kipaza sauti kilichokuwa juu ya meza.

"Kadirio, tulini katika spiriti na maji, nusu kwa nusu, nyuzi ishirini na tano. Niambie tena."

"Gramu arobaini na mbili kwa lita," ilijibu ile sauti iliyotulia, isiyo ya kike wala ya kiume.

"Mimi napata kumi na nne."

Kadirio likauliza: "Umbo la fuwele ni lilelile?"

Swali hilo lilimshtua. Alichota punje chache kwa kibanzi akaziweka chini ya hadubini. Tulini aliyoijua tangu akiwa mwanafunzi ilikuwa ya vinywele virefu vyembamba, vilivyolaliana kama manyoya ya paka. Alichokiona sasa ni vibao bapa vya pembe sita, vizito, vilivyonyooka kingo zake kana kwamba fundi wa vioo amevikata kwa almasi. Alisogeza kisahani huku na huku akitafuta kinywele kimoja tu. Hakukuwa na hata kimoja. Vibao vile vilikuwa vizuri mno, na uzuri wenyewe ndio uliomtia baridi mgongoni.

"Si lilelile," alisema.

"Basi sijui," Kadirio likajibu. "Sina kipimo cha umbo hili. Nipimie."

Pamoja na hofu yake, Tusekile alitabasamu. Vyombo vya kukisia mambo vilikuwa vimejaa duniani, na karibu vyote vilikuwa na jibu la kila swali. Hiki kilifundishwa kusema sijui. Profesa Imakulata Mbilinyi, aliyekiunda, aliwahi kuchekwa mkutanoni kwa sababu hiyo. Mtu mmoja alimwuliza kuna faida gani ya kuunda mashine inayokiri ujinga. Akajibu kwamba mgonjwa hadhuriwi na neno sijui, hudhuriwa na namba nzuri isiyo ya kweli. Kisha akaketi na kuendelea kunywa chai yake.

Tusekile aliunyoosha mkono kuelekea mlangoni, halafu akaurudisha. Alikuwa amevaa koti lililogusa chupa zile. Nywele zake zilikuwa humu tangu asubuhi. Akaliendea dirisha akalifunga, akazima feni, kisha akasimama katikati ya chumba.

Fuwele huzaana kwa kuonyeshana mfano. Molekuli za tulini, zikiwa zinaelea ndani ya kioevu, hazina wa kuzipanga mpaka zikutane na chembe iliyokwisha kujipanga, hapo huiga. Zikikutana na kinywele, huwa vinywele. Zikikutana na kibao, huwa vibao, na vibao vikiisha kuingia katika pipa, hakuna anayeweza tena kupata vinywele humo. Punje isiyoonekana kwa macho, iliyonasa kwenye ukosi wa koti, ingetosha kugeuza kiwanda kizima.

Na kiwanda kilikuwa kimoja tu, Mafinga. Kutoka huko unga wa tulini ulisambazwa katika zahanati zote za nyanda za juu, ambako kila zahanati ilikuwa na jiko lake la dawa: unga ukiingia upande mmoja, Kadirio likatuma vipimo, dripu ikatoka upande wa pili, angavu kama maji ya chemchemi. Watu laki sita waliishi kwa dripu hiyo. Misitu iliungua zamani za babu zao, lakini majivu hayakuondoka. Yalikaa ardhini, yakapanda kila kiangazi, yakaingia vifuani na kuyafanya mapafu yakakamae. Tulini iliyalegeza. Aliyekosa dripu kwa wiki mbili alianza kulala ameketi. Waliokosa zaidi ya hapo walizikwa.

Tusekile alibonyeza kitufe chekundu cha hatari, ambacho hakuna mpimaji aliyewahi kukibonyeza kabla yake.

*

Kamishna wa Dawa, Abeli Kiswaga, alikuwa mtu mfupi, mpole, asiye na mazoea ya kupaza sauti. Uso wake ulitokea upande mmoja wa kioo cha mawasiliano. Upande wa pili alitokea Profesa Mbilinyi, ameketi sebuleni kwake Mafinga, amejifunika shali ya sufi, mrija wa dripu ukiwa umebandikwa mkononi. Yeye naye alikuwa mmoja wa wale laki sita.

"Shikamoo Mwalimu," Tusekile alisema.

"Marahaba mwanangu. Nasikia umeniletea mgeni."

Kamishna hakucheka. "Daktari, nani mwingine ameingia humo?"

"Mimi peke yangu."

"Na sikukuu ulikuwa wapi?"

Alilijua swali hilo lingekuja. Alikuwa amejiapiza kulijibu bila kuzungukazunguka. "Mafinga. Nilikwenda kumsalimia Mwalimu. Siku niliyoondoka hapa namba zilikuwa sawa, kwa hiyo inawezekana umbo hili lilikuwa halijatokea. Inawezekana pia punje ya kwanza ilikuwa imeshazaliwa nami sikuiona. Sijui, Kamishna."

"Tulikula ndizi, tukacheza bao," Profesa alisema. "Nilimfunga. Osheni nyumba yangu yote, Kamishna, na nguo zangu mzichome. Kiwandani sijakanyaga tangu Ijumaa Kuu, kifua kilinibana."

Kamishna aliinamisha kichwa, akatoa maagizo kwa mtu asiyeonekana. Aliporudi, alisema neno moja. "Choma."

Tusekile alizigeukia chupa zake.

"Kanuni inasema hivyo, na mimi nakubaliana nayo," aliendelea. "Chupa, unga, makoti, kila kitu kiingie tanuruni kabla jua halijatua. Mafinga bado ni safi. Tukichoma leo, umbo hilo halipo tena duniani, na watu wetu wataendelea kupata dawa."

"Halipo mpaka litakapotokea lenyewe."

"Au lisitokee kamwe. Tulini imetengenezwa miaka thelathini bila kuonyesha sura hiyo."

"Imeionyesha wiki hii. Kamishna, hili umbo ni imara kuliko lile tunalolijua. Hapa ndipo molekuli zinapotaka kufika, zilikuwa zimechelewa tu. Siku vibao hivi vikifika Mafinga, dripu zitaingia ukungu katika zahanati zote kwa wakati mmoja, nasi hatutakuwa na kioevu kinachoweza kuyeyusha umbo hili. Kukitafuta itabidi tuwe na umbo lenyewe. Nikilichoma, nachoma na dawa ya kesho."

"Na usipolichoma, nzi mmoja akitoka humo unachoma dawa ya leo."

Hilo lilikuwa kweli, tena kweli tupu. Kamishna alisema atampa mpaka saa kumi jioni, kwa kuwa kanuni hiyohiyo ilimpa mpimaji neno la mwisho juu ya maabara yake. Kisha uso wake ukatoweka. Profesa akabaki.

"Mwalimu, nifanyeje?"

Profesa Mbilinyi alikohoa kwa muda, akafuta midomo kwa leso. "Usiniulize mimi, Tuse. Mimi ni mgonjwa. Nikikuambia choma, utakuwa umesikiliza mapafu yangu. Nikikuambia usichome, utadhani nimejitoa mhanga, uanze kunilia. Yote mawili hayakusaidii."

"Basi niambie unachokijua."

"Hilo naweza." Mwanamke yule alijiweka sawa kitini, na sauti yake ikapata nguvu ya darasani, ile iliyowahi kumfanya Tusekile abadilishe masomo akiwa mwaka wa kwanza. "Ninajua kwamba vipimo vya kioevu ninavyo vya kutosha. Kuhusu fuwele hii mpya sina hata kimoja. Ninajua Kadirio halitaweza kuitungia dawa kwa kukisia. Na ninajua mtu anayeweza kupima vizuri kuliko mimi nilivyowahi kupima amefungiwa nayo chumba kimoja. Mengine ni yako."

Tusekile alikaa muda mrefu ametazama nje. Mvua ya Tukuyu ilikuwa imeanza, ile ya kunyesha bila haraka, na migomba ilikuwa imeinamisha majani. Aliwaza mama mmoja wa Makete, yeyote yule, aliyelazwa leo kwenye benchi la zahanati huku dripu ikishuka. Halafu akamwaza mama huyohuyo mwaka ujao, muuguzi akiinua chupa kwenye mwanga na kuiona imeingia ukungu. Yupi kati yao alikuwa na haki zaidi? Alijaribu kuwaweka kwenye mizani. Mizani ikagoma. Hakuna aliyewahi kumfundisha kipimo cha namna hiyo.

Ilipokaribia saa kumi, alichukua mkanda mpana wa gundi akaziba nyufa za mlango kwa ndani, pembe zote nne. Akaziba madirisha. Akaziba na tundu la ufunguo. Kisha akampigia Kamishna.

"Sichomi," alisema. "Ila mimi sitoki. Chakula kiingie kwa kile kidirisha cha milango miwili, na kisitoke kitu, hata sahani. Tanuru litabaki limewashwa. Siku nitakayohisi kwamba punje imetoroka, nitachoma yote mwenyewe bila kukuuliza."

 Kamishna angeweza kutuma watu wavunje mlango. Pengine alilifikiria hilo. "Nitafunga barabara ya kuja huko," alisema mwishowe. "Mungu akusaidie, Daktari. Na atusaidie na sisi tulio nje."

*

Mumewe, Gwakisa, alikuja kesho yake na kusimama ng'ambo ya ua kwenye mvua, mwavuli ukiwa umefungwa mkononi kana kwamba amesahau kazi yake. Walizungumza kwa simu huku wakitazamana kupitia kioo. Wakaguzi wa chembe walikuwa wamefika nyumbani, wameosha kuta, wamechoma nguo zote za Tusekile, hata vitenge vya harusi.

"Na mimi nimekatazwa kuvuka Makambako kwenda Mafinga," Gwakisa alisema. "Nikawaambia sina shida, Makambako nina nini?"

"Pole, mume wangu."

"Pole ya nini? Nimeoa mtu, nguo zinashonwa." Akaufungua mwavuli. "Wewe pima tu."

Akapima.

Miaka ya nyuma Profesa aliwahi kuwaeleza wanafunzi wake kwamba fuwele ni ngoma ya watu walioshikana mikono kwenye duara, na kimumunyisho, yaani kioevu kinachoyeyusha, ni wageni wanaowazunguka na kuwaomba watoke wacheze nao. Ukitaka kujua watatoka wangapi, lazima ujue wale wa ndani wameshikana kwa nguvu gani, na wageni wa nje wanavutia kiasi gani. Joto likipanda, mikono hulegea. Kadirio lilijua mvuto wa wageni wa kila aina, maelfu kwa maelfu. Nguvu ya mikono halikuijua. Hiyo haipatikani kwa kufikiri, hupatikana kwa kuipima.

Kwa hiyo Tusekile alianza na mikono. Alipasha vibao joto polepole mpaka vikayeyuka bila kioevu chochote, akaona vinahitaji nyuzi nyingi kuliko vinywele. Wameshikana kweli hawa, alijisemea. Akapima joto vinavyolimeza vikiyeyuka. Kisha akavishibisha katika maji, katika spiriti, katika glaikoli, katika gliserini, katika kila kioevu ambacho damu ya mtu hukivumilia. Kwa baridi ya Makete, kwa joto la Usangu, na kwa joto la mwili. Kila chupa aliisubiri itulie. Kazi hii haina njia ya mkato: ukivuta sindano mapema, utapima haraka yako badala ya kupima tulini. Alipima, akasubiri, akapima tena, na namba mbili zisipolingana alimwaga na kuanza upya.

Kila namba aliyoisoma, Kadirio liliipokea. Mwanzoni lilikuwa likikosea sana, na kila mara likisema lilikuwa na shaka kiasi gani. Siku zilivyopita makosa yakapungua. Tusekile alianza kusubiri makadirio yake kama mtu anavyosubiri kusikia mwenzake atasema nini. Ilikuwa furaha ya ajabu kwa mtu aliyefungiwa chumbani na hatari: kuona akili ile, iliyotungwa na mwanamke mmoja mwenye kifua kibovu, ikinyanyuka kutoka kutojua kabisa mpaka kujua, hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja.

Asubuhi moja Kadirio lilisema, "Nina pendekezo. Huenda likakushangaza."

"Lete."

"Sehemu tatu za spiriti, sehemu mbili za esta ya asidi ya maziwa."

Tusekile aliweka kikombe chini. Spiriti peke yake ilikuwa hafifu kwa vibao; alikwisha kuipima. Esta ile, kioevu chembamba kinachotengenezwa kutokana na asidi ya maziwa mgando, ilikuwa hafifu zaidi. Nayo alikwisha kuipima, akaiweka pembeni. "Viwili visivyoweza, ukivichanganya vinaweza?"

"Molekuli hii ina pande mbili. Upande mmoja unaivutia spiriti, wa pili unaivutia esta. Akija mgeni mmoja, mkono mmoja unaachia, wa pili unabaki umeshika. Wakija wote wawili, nadhani yote miwili itaachia. Gramu sitini kwa lita. Shaka yangu ni kubwa. Nipimie."

Alichanganya. Akatia unga, akaongeza, akaongeza tena, na kila alichotia kilitoweka kama sukari kwenye chai ya moto. Alisubiri mpaka mchanganyiko utulie, akachuja, akakausha, akapima. Hamsini na saba. Alisoma mizani mara mbili, halafu akaketi sakafuni, mgongo ukutani, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Akauweka mchanganyiko kwenye jokofu. Baridi haikuangusha hata kibao kimoja.

Kilibaki kikwazo kimoja, nacho ndicho kibaya. Kioevu kikiingia kwenye damu, damu hukizimua. Wageni hutawanyika, na molekuli zinaweza kushikana mikono tena, humo ndani ya mshipa. Njia pekee ilikuwa kuingiza dawa taratibu, ili protini za damu ziwahi kuipokea kila tone kabla halijaganda. Tusekile alikuwa na mshipa wa kioo, mrija unaopitisha damu ya akiba kwa mwendo wa moyo. Alijaribu kasi moja baada ya nyingine akiwa ameweka jicho kwenye hadubini. Chini ya kasi fulani, damu ilipita safi.

"Kwenye kioo," Kadirio lilimkumbusha. "Mtu aliye hai sijampima."

*

Kamishna alipiga simu mchana, wakati Tusekile anakula viazi alivyoletewa na Gwakisa. Uso wake ulikuwa umezeeka.

"Pipa la kwanza limegeuka jana," alisema. "La pili asubuhi hii. Vibao vya pembe sita, kama ulivyovichora."

Tusekile alisimama. Kiazi kikaanguka.

"Zahanati zina dripu za siku chache. Fungua mlango, Daktari. Hakuna tena cha kulinda."

Ndivyo alivyopata uhuru wake. Aliubandua mkanda wa gundi kwa kucha, vipande vipande. Kile alichojifungia kukizuia kilikuwa kimefika kabla yake, na kwa sababu hiyo tu aliruhusiwa kukanyaga majani na kunyeshewa mvua. Gwakisa alimkumbatia getini. Tusekile alilia begani kwake bila kuweza kusema kama analia kwa kutoka au kwa sababu iliyomtoa.

Lori la umeme liliwabeba hadi Mafinga, yeye, mumewe, na madebe ya ule mchanganyiko, safari hii umetengenezwa kwa wingi, nje ya maabara. Makambako walipita bila mtu kuwasimamisha.

Profesa Mbilinyi alikuwa amelazwa katika zahanati iliyo nyuma ya kiwanda, ameegemezwa mito mitatu. Dripu yake ya mwisho alikuwa ameikataa akaelekeza apewe mwanamke wa kitanda cha jirani, aliyekuwa na mimba, na kifua chake kilichochakaa hakikungoja wiki mbili kama vya wengine. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya majivu. Tusekile alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mwalimu, ni mimi niliyeileta huku?"

"Inawezekana." Profesa alivuta pumzi, akasubiri, akavuta nyingine. "Inawezekana ni upepo. Inawezekana ni lori, au pipa lilijizalia lenyewe. Unataka nikuambie si wewe. Siwezi, mwanangu. Sijui, wala wewe hutajua. Jifunze kukaa na neno hilo. Mimi nimekaa nalo maisha yangu yote, na halijanidhuru."

Kamishna alikuwa amesimama mlangoni na daktari wa zahanati. Ilibidi apatikane mtu wa kwanza. Daktari alisema wamepata kijana mwenye afya aliyejitolea, apewe kiasi kidogo, waone.

"Kijana mwenye afya hahitaji dawa yenu," Profesa alisema. "Mkimdhuru, mmemdhuru bure. Mimi bila hiyo kesho sipo. Na tena, hesabu ni zangu. Mkono uwe wangu."

Tusekile alitaka kubisha. Alifungua mdomo, akaona jinsi mwalimu wake alivyokwisha kukunja mkono wa gauni mpaka kwenye kiwiko, nadhifu, kama mtu anayejiandaa kuosha vyombo. Akafunga mdomo. Akaitundika chupa.

Aliiweka kasi kwa mkono wake mwenyewe, nusu ya ile iliyopendekezwa. Tone likashuka. Likafuata jingine, baada ya muda uliomchosha kila mtu chumbani. Muuguzi alivuta damu kidogo kutoka mkono wa pili, Tusekile akaitazama kwa hadubini. Safi. Baadaye tena. Safi. Mara moja aliona kitu kinang'aa ukingoni, akakikuza zaidi. Kumbe ni mkwaruzo wa kioo. Nje, uani, watu walikuwa wamekaa kwenye nyasi na mablanketi yao, wakingoja.

Jua lilikuwa limeanza kuelekea magharibi Profesa aliposema, "Kadirio limesema damu yangu itakuwa na kiasi gani saa hizi?"

Tusekile alimwonyesha.

"Na umepata?"

"Pungufu kidogo."

"Kwa hiyo limekosea." Mwanamke yule akacheka, kicheko kifupi cha kuridhika, na ndipo wote walipogundua kwamba amecheka bila kukohoa. "Lipe hiyo namba. Lipe sasa hivi, wanaofuata watahesabiwa vizuri zaidi yangu."

Tusekile akaisoma namba kwa sauti, na Kadirio likashukuru.

Alipotoka uani, watu walisimama. Hakuwa na hotuba. Alisema tu kwamba dawa ipo, kwamba itashuka taratibu zaidi kuliko ile ya zamani, na kwamba waliobanwa zaidi waanze. Wauguzi walikwisha kuanza kupanga viti. Kiti cha kwanza kililetewa bibi kizee mwembamba, kichwa kimefungwa kilemba cha kijani, akiwa amebebwa mikononi kama mtoto. Aliyembeba alikuwa Kamishna Kiswaga.

"Mama yangu," alisema, bila kumtazama Tusekile usoni.

Bibi alimkagua Tusekile, aliyekuwa ameshika sindano, toka miguuni hadi kichwani. "Ni wewe ambaye mwanangu huyu alikuamuru uchome, ukakataa?"

"Ni mimi, bibi."

"Haya." Alinyoosha mkono wake uliojaa mikunjo, akaulaza kwenye mto. "Tafuta polepole. Mshipa wangu una tabia ya kujificha."